Joto Huenda Wapi

Nilipotoboa ukuta wa mtu kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimeacha chuo miezi minne na mamangu alikuwa hajui. Yeye alijua niko Mombasa kwa atachimenti. Kila Jumatatu asubuhi simu ilikuwa inalia ile sauti ya M-Pesa, naona 500 kutoka Voi, kisha meseji inafuata: "Ya nauli. Mungu akubariki injinia wangu."

Ule uongo ulikuwa rahisi kuubeba kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Nilikuwa Mombasa. Nilikuwa nafanya kazi ya mashine, chini ya fundi mwenye uzoefu wa miaka zaidi ya 20. Huyo fundi ni mjomba, kakake mama, anayetengeneza friji na AC kuanzia Mishomoroni hadi Likoni. Kilichokosekana ni barua ya chuo, na chuo chenyewe.

Watu wakiniuliza kwa nini niliacha huwa nasema fees. Ni kweli nilikuwa na deni, na jina langu halikuwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kufanya mtihani. Lakini tukiongea ukweli, hata kama ningelipiwa yote siku hiyo, sidhani ningeingia kwenye ule ukumbi. Themodinamiki nilikuwa nimeianguka mara mbili. Nilikuwa nalala mchana na kuandika hadithi usiku, na asubuhi sijui ni wiki gani. Siku moja mwezi wa kumi nilipanga nguo kwenye begi, nikapanda basi la usiku, na sikumuaga mtu.

Mjomba alinipokea na sharti moja tu. "Mimi kwa dada yangu sisemi uongo," aliniambia. "Akiniuliza, nitamwambia. Hajaniuliza bado. Omba asiniulize." Kisha akanikabidhi boksi la vifaa nimbebee. Tangu siku hiyo jina langu kazini likawa Injinia. Nililichukia sana.

Kazi ninayotaka kuwaambia ilikuja Februari, katikati ya kaskazi. Kama hujawahi kukaa Mombasa Februari, niseme tu kwamba hata usiku shuka inakuwa ni adui. Mteja alikuwa mzee mmoja wa Majengo aliyefanya kazi bandarini hadi akastaafu. Alikuwa amepata kiharusi mwaka uliotangulia, na upande wa kushoto ulikuwa haumsikii. Alikuwa anashinda kitandani katika chumba cha chini, chenye dirisha moja dogo linalotazama ukuta wa jirani. Binti yake, ambaye ndiye anamuuguza, alituambia alikuwa anambadilisha fulana mara nne kwa siku kwa ajili ya jasho, na mgongo ulikuwa umeanza kutoka vidonda.

Mwanawe wa kiume anafanya kazi Doha. Yeye ndiye aliyetuma mashine, kwa meli, ikiwa imefungwa kwa blanketi mbili. Haikuwa ile AC ya vipande viwili mnayoiona kwenye maofisi, moja ndani na nyingine imening'inia nje. Ilikuwa ya boksi, kitu kimoja kizima. Uso wake unakaa chumbani, mgongo unatoka nje, na ukuta unaishika kiuno. Mjomba aliisoma ile bamba ya ubavuni, akapiga mluzi. BTU 12,000. Baridi na joto.

"Joto?" binti akauliza.

Mjomba akaonyesha rimoti. Kulikuwa na kitufe chenye picha ya jua. Huko Doha, usiku wa Januari kuna baridi kiasi cha mtu kutaka kupasha chumba. Ndani ya mashine kuna vali inayogeuza njia ya gesi, na upande uliokuwa wa baridi unakuwa wa moto. "Hiki," mjomba alisema, "hakuna mtu wa Mombasa atakayekibonyeza hadi Kiyama."

Mzee alikuwa anasikiliza. Akasema kwa ule mdomo uliolala upande mmoja, "Mwanangu amenitumia na jua?"

Tulicheka sote, yeye wa kwanza.

Kabla ya kugusa nyundo, mjomba hupenda kueleza. Nadhani ni kwa sababu hakuna aliyewahi kumweleza yeye. Alijifunza kwa kuunguza vitu. Wakati tunapima ukuta aliniambia, "Injinia, AC haitengenezi baridi. Toa hiyo akilini. AC ni hamali. Inachukua joto humu ndani, inalibeba mgongoni, inakwenda kulibwaga nje. Na hamali naye anatoa jasho. Kwa hivyo kule nje kunafika joto la humu ndani, na jasho la hamali juu yake."

Nilisimama na ile tepu mkononi kama mjinga. Kwa mihula miwili mhadhiri alikuwa ameniandikia jambo hilo hilo ubaoni kwa herufi za Kigiriki. Joto halipotei. Linahama, na umeme ulioutumia kulihamisha nao unageuka joto. Mashine kama ile inatoa chumbani joto la kilowati 3.5 hivi, na inakula umeme wa zaidi ya kilowati moja. Nje inatema vyote viwili. Sikuwahi kuelewa hadi mtu aliponiambia habari ya hamali.

Sasa, kuna chumba kina kuta nne, lakini ni mbili tu zinazofika nje. Ule wa mbele ulikuwa na bomba la maji machafu la ghorofa ya juu limepita ndani yake, kwa hivyo haukuguswa. Ukabaki ule wa kando, unaotazama uchochoro. Mjomba alichora mstatili kwa penseli, upana sentimita 66, kimo 40, kwenye usawa wa goti. Ndivyo picha ya kitabu ilivyoonyesha, mashine chini ya dirisha, karibu na sakafu. Tena ndivyo ilivyokuwa rahisi, maana ile kitu ilikuwa na uzani wa kama kilo 45 na sisi tulikuwa wawili.

Ukuta ulikuwa wa mawe ya matumbawe, ya inchi tisa. Hili lilikuwa na maana kubwa. AC ya boksi ina matundu ubavuni, kama mashavu ya samaki, na inavutia hewa hapo ili ijipoze. Ukiiingiza ukutani mpaka mashavu yakazibwa na mawe, itanguruma wiki mbili tatu, kisha kompresa itakufa. Kwa hivyo mashavu lazima yatoke nje kabisa. Nilipima mara tatu. Mashine ingechomoza uchochoroni karibu sentimita 40.

Nilitoka nje kuchora alama za upande wa pili, na hapo ndipo nilipomkuta mama wa mahamri.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo wake umeegemea ule ukuta ninaotaka kuutoboa. Mbele yake jiko la makaa, karai ya mafuta, beseni la unga, na turubai la buluu juu. Alikuwa anakaanga pale miaka 11, mahamri asubuhi, viazi karai kuanzia alasiri. Uchochoro wenyewe ni wa watu wawili kupishana wakigeuka ubavu.

"Kijana, mwapima nini?"

"Tunamwekea Mzee AC, mama."

"Afadhali, maskini. Na hicho kitu kitanipulizia mimi?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalijua kwa kilowati. Kitu kile kingekuwa kinachomoza hapo hapo anapoegemea, kikimtemea hewa ya moto kiunoni kutwa nzima, yeye akiwa na jiko la makaa mbele. Angekuwa baina ya moto mbili.

"Hapana mama," nikasema. "Ni hewa tu."

Akanitazama kidogo, akageuza hamri. "Haya," akasema.

Mchana ule tulikata plasta kwa grinda kufuata mistari, vumbi jeupe likajaa hadi ndani ya soksi, na nikalegeza jiwe la kwanza kwa nyundo na patasi. Ilipoadhiniwa alasiri, mjomba akasema tusimame, tutamaliza kesho.

Sikulala. Ningependa kusema ni kwa sababu ya yule mama, lakini ilikuwa Jumapili, na nilikuwa najua asubuhi simu italia. Nililala chali kwenye godoro sebuleni kwa mjomba, nikahesabu. Tangu Oktoba mama alikuwa ametuma zaidi ya 8,000. Mama ni fundi cherehani. Anashona sare za shule, na Januari, shule zikifungua, huwa anashona hadi saa nane za usiku. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni nikapumua. Mzigo wa kuanguka mitihani ulikuwa umenitoka kifuani kabisa, nilikuwa hata nimenenepa. Lakini ulikuwa haujapotea. Ulikuwa Voi, juu ya meza ya cherehani, na mwenyewe hakujua unatoka wapi.

Ni ule uongo mdogo wa uchochoroni uliofanya nishindwe kuubeba ule mkubwa. Nilikuwa nimemdanganya mtu usoni kwa sekunde mbili bila hata kuwaza. Nikaona nimezoea.

Asubuhi, kabla ya chai, nilimwambia mjomba tuhamishe tundu juu.

"Kwa nini?"

"Yule mama."

Aliendelea kuvaa viatu. "Injinia, tumepatana 9,000. Tukipanda juu tunataka ngazi, tunataka watu wa kuinua, tunataka kuziba tulipokata. Nani alipe?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilimwambia kile kitabu kimechorwa kwa watu wanaotumia kitufe cha jua. Hewa ya moto hupanda, kwa hivyo ukitaka kupasha chumba unaweka mashine chini. Hewa ya baridi hushuka. Sisi tunataka baridi tu, basi mahali pake ni juu, imwagike yenyewe hadi kitandani kwa Mzee. Halafu jambo la pili: tukikata chini, mawe ya juu ya tundu yanahitaji kitu cha kuyashika, aidha lenta au vyuma vya pembe. Lakini juu kabisa kuna bimu ya zege inayobeba ghorofa. Tukiweka tundu chini ya bimu moja kwa moja, bimu yenyewe ndiyo lenta. Hiyo gharama inaondoka.

Mjomba akanyamaza. Nikamaliza: "Na mimi ya leo usinilipe. Lipa watu wa kuinua."

"Hiyo ya bimu," akasema baada ya muda, "ulifunzwa chuoni?"

"Ndiyo."

"Basi hukupoteza miaka yote." Ndilo neno zuri zaidi alilowahi kuniambia, na alilisema akitafuta funguo.

Nilimtangulia uchochoroni. Mama wa mahamri alikuwa ameshauza nusu ya beseni. Nikamwambia, "Mama, jana nilikudanganya. Ingekupulizia moto. Tunaihamisha juu, lakini hata huko juu, joto litakuja tu huku. Litapita juu ya kichwa chako, lakini utalisikia."

"Nilijua," akasema. "Mimi nakaa na moto kila siku, sishindwi kuujua. Nilikuwa nataka nione kama wewe wajua." Akanifungia mahamri mawili kwenye gazeti, akakataa pesa. "Na maji yake? Si hizi mashine zatoa maji?"

Zinatoa. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi, na ikigusa vyuma baridi vya ndani inatoa jasho kama chupa ya soda. Tukakubaliana nitaweka mpira wa kushusha maji hadi kwenye ndoo yake. Si ya kunywa, lakini ya kufutia sakafu na kuloweka mikungu ya sufuria yatafaa.

Kazi yenyewe ilituchukua hadi magharibi. Tuliliziba lile tundu la goti kwa simiti, na kovu lake lipo hadi leo, rangi haikukubali kufanana. Juu nikakata mimi. Kuna raha ya ajabu jiwe la mwisho likitoka na ukaona mwanga wa upande wa pili, turubai la buluu, moshi, kichwa cha mtoto aliyesimama kushangaa. Tukaingiza fremu ya chuma, tukafunga vyuma vya kuibeba kwa nje, na vijana wawili wa kijiweni wakatusaidia kuinua kwa 300 kila mmoja. Mmoja aliuliza kama ndani kuna maiti.

Kuiweka sawa waliniachia mimi. Nilichukua pimamaji nikaiweka juu ya fremu, nikasogeza, nikakaza, nikasogeza, hadi kile kipovu kikatulia katikati kabisa. Nilijiona fundi. Mjomba akapanda ngazi, akatazama, akacheka hadi akakohoa.

"Umeinyoosha kama meza ya chai. Sasa maji yataenda wapi?"

Sikujibu.

"Yatarudi ndani, yamdondokee Mzee. Inamishe nyuma. Kidogo tu, milimita sita hivi. Hapa twataka iwe kombo."

Nikalegeza nati, nikainamisha. Kipovu kikakimbilia upande wangu. Mjomba akapitisha waya wake peke yake kutoka kwenye breka, maana mashine ya namna hiyo haichangii soketi na birika, kisha tukaziba kingo kwa sponji na silikoni.

Mashine mpya unaijaribu kwa kila kitufe, hata kile ambacho hakitatumika. Nilibonyeza jua dakika tano. Chumba kikawa tanuri, binti akakimbilia mlangoni. Kisha nikazima, nikasubiri kompresa itulie, nikabonyeza baridi.

Unajua mashine hizi hazikubuniwa kwa ajili ya binadamu? Mwaka 1902, Willis Carrier alibuni mtambo wake kwa kiwanda cha uchapishaji huko Brooklyn, kwa sababu karatasi zilikuwa zinavuta unyevu na kujikunja, na rangi zikakataa kupangana. Karatasi ndizo zilizotangulia kupata raha. Nilikuwa nimesoma hiyo zamani nikaiona ni ya kuchekesha. Jioni ile, nikimtazama Mzee amefumba macho, shingo yake inakauka jasho taratibu, niliiona ni ya kusikitisha kidogo.

Baada ya robo saa Mzee akafungua jicho. "Punguzeni," akasema. "Mimi si samaki."

Nilimpigia mama usiku huo, nikiwa juu ya paa kwa mjomba. 500 yake ilikuwa imefika asubuhi nikiwa na patasi mkononi. Nyuma yake nilisikia cherehani inaenda. Nilimwambia yote bila kupamba: mwezi wa kumi, mitihani, themodinamiki, kwamba si fees peke yake.

Cherehani ikanyamaza.

"Tangu mwezi wa kumi," akasema.

"Ndiyo mama."

"Na mjomba wako ajua."

"Alisema hatakudanganya ukimuuliza."

"Na kwa nini nimuulize, na wewe uko?"

Sikuwa na jibu. Akasema ana nguo za mtu za kesho, akakata simu. Hakulia, hakunilaani. Ningependa angefanya kimojawapo. Jumatatu iliyofuata simu haikulia. Ijumaa mjomba aliponilipa nilimtumia 2,000. Baada ya saa nzima ikaja meseji: "Nimepata." Basi. Wiki iliyofuata nikatuma 1,500. "Nimepata." Ilikuwa Aprili ndipo alipoongeza neno, akaniuliza kama nakula.

Sasa hivi naandika ndio niishi. Naandika maelezo ya bidhaa, hotuba za harusi, makala za watu wenye majina. Miezi isiyo na kazi narudi kwa mjomba kubeba boksi. Mama hajaacha kuniambia nirudi chuo, na mimi sijaacha kumwambia nitafikiria. Angalau sasa tunabishana kuhusu jambo lililopo.

Majengo huwa napita. Joto la Mzee bado linashuka uchochoroni, sitawadanganya. Mama wa mahamri alisogeza kigoda chake hatua mbili, na Februari na Machi alikuwa anajipepea na kipande cha katoni zaidi kuliko zamani. Kuliweka juu kulipunguza, hakukuondoa. Ndoo yake hujaa.

Lakini mwezi wa saba nilipita, upepo wa kusi umetulia juu ya mji na mawingu yamejaa. Aliponiona akaniita kwa mkono wenye unga.

"Kijana, njoo unieleze. Juzi usiku kile kitu chenu kimenipulizia baridi. Nimesema nimeshakufa, naletewa pepo."

Nilisimama pale nikafikiri. Kisha nikaanza kucheka peke yangu. Mzee amekonda, na watu waliokonda wakilala sana husikia baridi hata Mombasa. Alikuwa amebonyeza jua. Vali ikageuka, na hamali akawa anachukua joto la uchochoroni kumpelekea chumbani.

Nikamweleza. Akasikiliza hadi mwisho, akageuza hamri.

"Kwa hivyo sasa ni mimi nampasha Mzee."

"Ndiyo mama."

"Haya," akasema. "Mwambie asizime mapema."